Taa Mpya ya Kushoto

Usinitazame hivyo. Najua, mzee akikaa na kusema "haya yalinipata mimi mwenyewe", watu huanza kutafuta kofia zao waondoke. Kaa kwanza. Mimi si mtu wa hadithi, mimi ni dereva, na dereva mwongo hafikishi umri huu. Haya niliyaona kwa macho yangu haya mawili, bila pombe na bila homa. Wala hayakuwa ya usiku wa manane kama mnavyopenda. Ilikuwa saa nne asubuhi, mchana kweupe, kwenye barabara ya juu kule Akheri inayopakana na msitu. Na chanzo chake ni hamu yangu ya gari.

Gari gani? Hapo ndipo watu hucheka. Zilikuwa enzi za Mwingereza, kahawa imepanda bei, na sisi Wameru tukaanza kushika fedha. Wenzangu walijenga nyumba za bati. Wengine walinunua ng'ombe wa maziwa. Mimi nikataka kigari cha mbio, kile cha viti viwili kisicho na paa, boneti ndefu na nyuma fupi. Udereva nilijifunza jeshini wakati wa vita, nikarudi nyumbani kuendesha lori la kahawa, juma zima napanda na kushuka na magunia kwa mwendo wa kobe. Halafu Jumamosi mchana vijana wa Kigiriki, wa Kihindi na Waingereza wachache walikuwa wakikusanyika kwenye uwanja wa zamani wa ndege, huko tambarare za Kikwe, wakashindana kuuzunguka. Mimi nasimama pembeni, vumbi linanijaa puani, nawaona wanavyokosea. Wanakanyaga breki katikati ya kona, jamani! Nikawa nasema moyoni, nipeni kigari hicho Jumamosi moja tu. Hakuna Mmeru aliyewahi kushindana pale, na sikusikia kwamba amekatazwa. Hakuwa na gari, basi.

Mke wangu akaniuliza, "Viti viwili? Na sisi humu ndani tuko saba. Wengine tutakaa kwenye eksozi?"

Nikamwambia, "Mama watoto, ni la Jumamosi tu."

Akanijibu, "Basi na chakula utapikiwa Jumamosi tu." Unaona nilivyoishi.

Uwezo wangu ulikuwa wa gari la mkononi, tena mkono uliochoka. La kwanza nililikuta gereji pale mjini, linang'aa kama sufuria ya harusi, lakini lilipowashwa likatoa moshi wa buluu mpaka kuku wa jirani wakahama. La pili lilikuwa la mwalimu mmoja Mwingereza, mzee mwaminifu wa kupita kiasi. Alinitajia ubovu wake wote kabla sijauliza: sakafu imeliwa na kutu, gia ya pili inaruka, na dirisha la mbele lina ufa alioupasua mwenyewe kwa jembe. Nikamshukuru nikaondoka. Nani ananunua gari linalotangazwa namna ile?

Ndipo Kosta akanifuata. Nasema akanifuata, yeye mwenyewe, mpaka kwangu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini mwenye hamu masikio yake huwa ya mapambo tu.

Huyu Kosta alikuwa kijana wa Kigiriki aliyezaliwa hapa hapa mlimani, kwenye shamba la kahawa la baba yake, karibu kabisa na msitu. Alicheza na watoto wetu, akala ndizi za mama zetu, na Kimeru chake kilikuwa kizuri kuliko cha wanangu. Alisema anakwenda Ulaya kwa mjomba wake na hawezi kubeba gari. Kigari chake nilikuwa nimekiona mara nyingi kule Kikwe, cha kijani, chepesi, kikiingia kona kama kisu kwenye siagi. Na bei aliyoitaja ilikuwa ndogo mno. Hapo tu ilinipasa kukimbia.

Asubuhi ya Jumamosi nikaenda kulikagua. Nililikagua kweli kweli, nisikudanganye. Nililala chini nikazishika springi moja moja, nikazikuta laini na nzima. Injini niliikuta baridi, na hiyo ni dalili njema, kwa sababu muuzaji anayekuwashia injini kabla hujafika ana lake jambo. Tairi zilikuwa zimelika sawasawa. Viti, stelingi, pedeli, vyote vilikuwa vimechakaa pamoja, kama mume na mke waliozeeka nyumba moja. Isipokuwa kitu kimoja. Taa ya mbele ya kushoto ilikuwa mpya, na madigadi ya juu ya tairi la upande huo ilikuwa imepigwa rangi upya.

"Hapa ilikuwaje, Bwana Kosta?"

"Pongo," akasema. "Aliruka kutoka msituni." Alisema hivyo huku anaangalia viatu vyake.

Na mimi nikafanya nini? Nikafurahi! Nikajiambia taa moja ni mpya, gharama imepungua. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi kidonda nilikishika kwa mkono wangu nikakipapasa.

Akanipa ufunguo. "Panda mpaka msituni, ulijaribu, urudi."

"Twende wote."

"Nina kazi," akasema. "Ukungu ukishuka, wewe geuza."

Nikaondoka. Ee bwana! Kama hujawahi kuendesha lori la magunia maisha yako yote halafu siku moja ukakalia kitu kama kile, huwezi kunielewa. Unafikiria kona, na lenyewe limeshaingia. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikaona kabisa Jumamosi ijayo, mimi pale Kikwe, na mke wangu pembeni akijifanya hanijui. Nikapita migomba ya mwisho, nikaingia kwenye barabara ya msituni.

Ukungu ukashuka. Na kabla sijapata mahali pa kugeuzia, injini ikazima. Haikukohoa, haikusitasita, ilizima tu, tena kwenye kona. Kelele zote zikaisha. Nikasikia matone yanadondoka kwenye majani.

Sasa, barabara ile malori ya mbao yalikuwa yanashuka nayo, na breki zao ni sala za dereva. Dereva yeyote anajua la kufanya gari likizima mahali kama pale. Unakata matawi, unayalaza barabarani mbele na nyuma, anayekuja aone apunguze mwendo. Nikatoa kisu changu, nikapapasa kando ya barabara katikati ya ukungu, mkono ukapata kichaka laini, nikakata harakaharaka. Nikalaza nyuma, nikalaza mbele ya taa. Nilipokuwa nainama kulaza la mwisho ndipo nikaona nilichokata.

Masale.

Wewe si mtu wa huku, ngoja nikueleze. Sale kwetu si jani la kuchezea. Twalipanda mipakani, twalipanda makaburini. Na ukimkosea mtu kosa zito ambalo maneno hayatoshi, unakwenda kwake na jani la sale mkononi, unampa. Maana yake ni moja: nimekosa, nisamehe. Na mtu akipewa sale hakatai. Hata awe na hasira ya namna gani, sale halikataliwi. Tena halioti ovyo msituni, hupandwa na mkono wa mtu. Pale hapakuwa na shamba wala mpaka. Nani alilipanda pale, na kwa ajili ya nani? Nimesimama najiuliza hivyo, mtu akatoka kwenye ukungu.

Alikuwa mwanamume wa rika langu, koti la khaki, panga kwapani, miguu peku. Alikuwa ameokota jani moja kati ya yale niliyoyalaza mbele ya gari, amelishika kwa mikono miwili. Akasema kwa Kimeru, taratibu, "Nimeyaona majani yako."

"Unisamehe, ndugu yangu," nikasema. "Gari limezimika. Nimekata bila kutazama."

Hakunitazama mimi. Alikuwa anaitazama taa ya kushoto. "Umechelewa," akasema, "lakini sale halikataliwi. Twende nyumbani, ukampe mama."

Unaniuliza mbona sikukimbia? Nikimbie kwenda wapi? Na niseme ukweli, nilidhani ni mtu wa jirani tu, labda akili zake zimeyumba kidogo. Akazunguka, akaingia, akakaa.

Hapa nisikilize vizuri. Kigari cha namna ile ni chepesi. Hata mtoto wa shule akikalia kiti kimoja, gari linalala upande wake. Nilikuwa nimelala chini yake asubuhi ile, springi zile nilizishika kwa mikono yangu. Mwanamume mzima alikaa, akaweka panga katikati ya magoti, na gari halikulala. Hata kidogo! Niliinama nje nikatazama. Limesimama wima kana kwamba niko peke yangu. Nikatazama miguu yake. Majani ya kando ya barabara yalikuwa yanachuruzika maji, na miguu yake ilikuwa mikavu.

Nikawasha gari, likawaka mara moja.

Nikageuza pale pale, tukaanza kuteremka. Yeye ndiye aliyeanza kusema, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia. "Nilikuwa natoka kukata majani ya ng'ombe. Nikasikia gari, nikasogea kushoto. Na lenyewe likasogea kushoto."

"Lipi?" nikauliza, na jibu ninalo.

"Mwenye gari alishuka. Akanishika mkono. Akanisemesha Kimeru, akaniita kwa jina, Anaeli, Anaeli. Kisha akaondoka." "Mama hajui ni nani. Kila anayepita pale nyumbani, anamwangalia mikono."

Mungu wangu. Nilimwelewa. Mama wa watu amekaa kwake anaangalia mikono ya wapita njia, anasubiri mmoja wao aje na jani. Na jani limekuja, ila limeletwa na mimi.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "si mimi."

"Najua," akasema. "Lakini majani umelaza wewe."

Hebu fikiri ungekuwa wewe. Anayetoa sale amekiri. Niingie kwenye boma la watu wenye msiba na jani mkononi, nije na gari lile lile lililomuua mtoto wao, halafu niseme si mimi? Ndugu zake wana mapanga. Serikali ina jela. Mimi nina mke na watoto watano. Nilifikiri kugeuza, nisikudanganye. Nilifikiri pia, na hili ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nikinyamaza, gari ni langu, na Jumamosi ijayo ni yangu.

"Ni hapa," akasema. Nikasimama mbele ya lango la miti. Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu na mlango haujafunguliwa. Jani la sale lilikuwa juu ya kiti, lina umande.

Uani alikuwapo mama mmoja mzee, amekaa anachambua kahawa juu ya mkeka. Aliinua macho. Hakuangalia uso wangu, aliangalia mikono yangu. Ilikuwa mitupu, jani nimeliacha garini. Akarudi kwenye kahawa yake.

Ningeweza kuuliza njia nikaondoka. Lakini namna alivyorudisha macho chini, kama mtu aliyezoea, ilinishinda kabisa. Nikarudi garini, nikalichukua lile jani.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alisimama, kahawa ikamwagika.

"Mama, jani hili si langu. Ni la gari hili."

"Gari lina mikono?" akaniuliza.

Nikamweleza yote, tangu bei mpaka lango lake. Nilitegemea kilio, nilitegemea kufukuzwa. Yeye akaniuliza neno moja tu. "Miguu yake ilikuwa na matope?"

"Hapana, mama. Mikavu kabisa."

"Mungu ashukuriwe," akasema. "Siku ile tulimwosha sana." Akatoka mpaka kwenye gari, akaweka kiganja juu ya ile taa mpya, akakaa nacho hapo. Kisha akafungua mlango, akaketi. "Nipeleke kwake."

Na gari likalala upande wake. Mama mwenyewe mwembamba, mkavu, lakini likalala. Nusura nilie.

Kosta alitoka kwenye banda la gari pale shambani kwao, anajifuta mikono kwa kitambaa, anatabasamu tabasamu la muuzaji. Akaona nimekuja na nani. Mama Anaeli hakumtukana. Alishuka, akaliweka jani juu ya boneti, akarudi nyuma, akasimama. Basi. Mgeni asingeelewa kitu. Kosta hakuwa mgeni. Alijua kwamba jani lile akiligusa amekiri, na asipoligusa amekataa mbele ya mama mtu. Alinitazama mimi, nikatazama miti.

Nakuapia, enzi zile mzungu kumpigia magoti mama wa Kimeru lilikuwa jambo la kusimuliwa miaka. Kosta alilichukua jani kwa mikono miwili, akapiga magoti mavumbini, akasema kwa Kimeru kile kile kizuri, "Mama, ni mimi. Nilimkimbia." Akalia kama mtoto.

Mama akalipokea. "Nimepokea kwa sababu halikataliwi," akasema. "Kukusamehe naanza leo. Sijui nitamaliza lini." Kisha akanyoosha kidole kwenye gari. "Taa hiyo iondoe. Paache pakiwa wazi. Asiyejua aulize, na anayeuliza umwambie."

Kosta akaifungua pale pale, gari likabaki na jicho moja. Yaliyofuata yalikuwa ya wazee na ya serikali, siyatii chumvi. Kosta mwishowe alikwenda huko Ulaya. Gari lilibaki bandani, na hakuna aliyelinunua, kwa sababu kila aliyekuja kulitazama aliuliza, na kila aliyeuliza aliambiwa.

Mimi nilirudi kwa yule mwalimu. Ndiyo, lile la kutu! Nikalinunua, gia inayoruka, ufa wa jembe na yote. Fundi akalichomelea sakafu. Jumamosi moja nikashindana Kikwe, nikawa wa pili kutoka mwisho, na huyo wa mwisho tairi lake lilipasuka. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Sikujali, gari nililijua aibu zake zote.

Na Jumapili nilikuwa nampitia Mama Anaeli kumpeleka kanisani, kitambaa chake kimefungwa vizuri upepo usikichukue. Kila akikaa, natazama. Kila mara gari linalala upande wake, nami nashusha pumzi.

Miaka ikapita. Bendera ya Mwingereza ilikuwa bado haijashuka. Asubuhi moja ya ukungu napita langoni kwake, namkuta amesimama nje amevaa nguo zake za kanisani, na haikuwa Jumapili. Hakuwa na mkongojo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nipeleke juu."

Akaingia, akaketi. Gari halikulala.

Nilimwendesha polepole kuliko lori la magunia, ile gia inayoruka nikaishikilia kwa mkono isimshtue. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Tulipofika kwenye kona, kwenye yale masale, alikuwapo mtu amesimama anasubiri, panga kwapani. Mama akaitazama mikono yangu kwenye stelingi, akacheka kidogo.

"Yule Kosta," akasema, "mwambie nimemaliza."

Niliposhuka kurudi, nikakuta wanawake wamejaa langoni kwake, wanalia. Walisema alikutwa alfajiri kitandani, ametulia. Nilituma salamu zile Ulaya kwa mdomo wa ndugu yake Kosta. Kama zilimfika, Mungu ndiye anayejua.

Tangu hapo nina tabia ambayo wanangu wananicheka nayo. Mtu akipanda gari langu, kabla sijaitikia salamu yake, naangalia kwanza kama gari limelala upande wake. Hata wewe ulipopanda leo nilikuangalia. Na kwa kuwa umesema unatafuta gari la mkononi, lichague kwa akili. Kilichochakaa kisikutishe, hicho kinajieleza chenyewe. Tafuta kilicho kipya katikati ya vilivyozeeka, uulize kwa nini, na anayekujibu mwangalie macho. Akiangalia viatu vyake, rudisha ufunguo.